Yaanike Yote Uani: Kuyapitia Upya Mablanketi ya Vipande Uliyoshona

Nimeshona mablanketi 11 ya vipande katika miaka saba, hapa Moshi, kwa cherehani ya kukanyaga na mabaki ya vitenge niliyoomba kwa mafundi. Kila nilipomaliza moja nililipiga picha, nikalikunja, nikampa mwenyewe, nikaanza jingine. Kuyaona yote kwa pamoja sikuwahi, mpaka Krismasi iliyopita. Nilichokiona siku hiyo kimebadilisha ninavyoshona, kwa hiyo nakuandikia namna ya kuifanya kazi hiyo, hata kama unayo manne tu.

Neno kwanza. Wapo wanaosema kwilti, kamusi inalo mfarishi, na mama mkwe wangu husema "yale mablanketi yako ya viraka." Viraka silipendi. Kiraka ni cha kuziba tundu, na mimi nimekata kitambaa kizima kwa makusudi. Hapa nitasema blanketi la vipande, yaani lile lenye matabaka matatu: juu vipande vya rangi vilivyoungwa, katikati kitu cha joto, chini mgongo, na mishono inayopita yote matatu ili yasiteleze.

1. Yaite yarudi

Shida ya kwanza ni kwamba hayapo. Tunashona, tunagawa: moja kwa mtoto wa dada, moja harusini, moja kwa mama kijijini. Kwa watu wa Kilimanjaro msimu wa kuyakusanya ni mmoja, wiki ya mwisho ya Desemba, wakati Dar yote inapanda huku kula sikukuu. Toa taarifa tangu Novemba, na useme wazi kwamba unaazima, hunyang'anyi. Mimi niliandika kwenye kundi la familia: "Mwaka huu naomba kila mtu aje na blanketi nililomshonea." Shemeji akajibu dakika hiyohiyo: "Shem, kwani tunalala nje?"

Ongeza sharti moja: wasilifue. Mtu akisikia blanketi linarudi kwa aliyelishona huona aibu, hulifua na kulipiga pasi, na ushahidi wote unaondoka na maji. Wewe unautaka uchafu wake. Unataka kujua limelaliwa upande gani.

Lisiloweza kuja, omba picha mbili, mbele na nyuma, limetandazwa kwenye nyasi. Ya nyuma usiisamehe.

2. Yatundike nje, halafu rudi nyuma

Usiyatandike kitandani. Kitanda kinaonyesha katikati tu na kuficha kingo, na kingo ndizo zinazochoka. Yatundike kwenye kamba ya nguo, moja kando ya jingine, kwa mfuatano ulioyashona, la kwanza kushoto. Blanketi la futi 5 kwa 6 lenye blanketi la mtumba katikati ni zito. Kamba ya manila italegea na yote yatakimbilia katikati. Funga waya. Mimi niliufunga kati ya mparachichi na nguzo ya banda, nikabana vibanio kila shibiri.

Chagua saa. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana linapausha kila rangi kwenye picha na kutia kivuli kwenye kila mkunjo. Piga picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi upande wenye kivuli, au ngoja saa kumi na moja jioni. Kama husubiri ndugu wa Krismasi, basi Juni na Julai: lile wingu linaloficha mlima siku nzima ni taa nzuri kuliko zote, huna haja hata ya kutazama saa.

Sasa rudi nyuma hatua kumi na mbili. Umeyajua mablanketi haya ukiwa umeyainamia, pua ikiwa shibiri mbili kutoka kwenye sindano. Kwa mbali ni vitu vingine kabisa. Kumbuka wanawake weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, walioshona kwa vizazi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, ili watu wao wasipigwe baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha Whitney ya New York, na watu waliozoea kutazama michoro wakasimama mbele yake. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Vitambaa vilikuwa vilevile vilivyolaliwa. Kilichobadilika ni umbali wa mtazamaji.

3. Toa rangi zote, uone kilichobaki

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko penginepo, na nakushauri nawe ukae.

Piga picha ya kila blanketi, kisha kwenye simu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Simu yoyote ya kupangusa ina kitufe hicho mahali pa kuhariri picha. Rangi zikiondoka, kinachobaki ni weusi na weupe wa kila kipande, na huo ndio unaofanya jicho lione umbo. Nyekundu na kijani zinaweza kugombana vikali ukiziangalia, halafu kwenye picha isiyo na rangi zikawa kijivu kimoja. Kati ya mablanketi yangu kumi yaliyokuja, saba yaligeuka uji. Nyota niliyoipanga kwa siku tatu, pembe kwa pembe, haikuonekana kabisa.

Sababu ni kitenge chenyewe. Kitenge tayari kina kelele: maua, ndege, mistari, feni, na kila kimoja kina cheusi na cheupe ndani yake. Ukiunga aina ishirini za vitenge, zinafutana. Blanketi langu la tatu lilikuwa hivyo, na ndilo nililojivunia kuliko yote. Hilo sikumpa mtu, nililificha sandukuni nisije nikalichafua. Kwa hatua kumi na mbili lilikuwa kama soko la Mbuyuni saa kumi jioni: kila mtu anaita, humsikii hata mmoja.

La sita nililionea aibu. Nilikuwa nimeishiwa vitenge na pesa pia, nikajaza zaidi ya nusu yake kwa marekani, ile pamba ya rangi ya maziwa isiyopaushwa. (Jina hilo limebaki tangu karne ya 19, nguo hiyo ilipokuwa ikiletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, tumeisahau meli, jina tunalo.) Juu ya weupe huo kulikuwa na vipande tisa tu vya kitenge, vimekatwa bila rula, vimeegemea upande mmoja kama watu wanaongoja daladala. Ndugu walipotoka ndani na vikombe vya chai mkononi, hilo ndilo waliloliendea. Mama mkwe alilishika akauliza kama nimelinunua.

Wanaoshona kwa mtindo wa kisasa walikwishaliona hili. Marekani wana chama chao, Modern Quilt Guild, kilichoanza 2009, na alama za kazi zao ni hizo: vitambaa visivyo na maua, nafasi kubwa tupu, umbo lisilo na ulinganifu. Mimi sikujua nafanya kisasa. Nilikuwa nimefulia tu. Lakini sasa nina kanuni ninayoitumia kabla ya kukata: kwa kila vipande viwili vya kitenge, angalau kimoja kisicho na maua. Kaniki, marekani, teitroni ya sare, chochote kilichotulia.

Ukimaliza hapo, hesabu. Chukua karatasi, andika kila rangi na idadi ya mablanketi inamoonekana. Rangi ya chungwa ilikuwa katika tisa kati ya kumi yangu. Kwa miaka yote nilidhani ndiyo ninayoipenda. Nikaifuata nyuma: ilikuwa ni sare ya kwaya. Fundi ninayemwomba mabaki alikuwa ameshonea kwaya moja kitenge cha chungwa, na mfuko wake haukuisha. Kumbe nilikuwa nachaguliwa rangi na mfuko wa mtu. Chunguza nawe: rangi unayoiita yako, ni yako kweli, au ndiyo iliyokuwepo?

Na ukiwa umetumia kanga, soma. Najua wengi hukata jina la kanga na kulitupa, mimi huliacha. Kwenye blanketi la mpwa wangu nilikata kanga ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", mkasi ukapita ulikopita, na kipande kilichobaki katikati ya kitanda kinasomeka SAFIRI. Kijana yuko Mwanza sasa. Mama yake ananilaumu mimi.

4. Yageuze

Mgongo hauna cha kukuficha. Siku ile alipita fundi jirani, mzee anayeshonea barazani mjini, akazunguka nyuma ya waya bila hata kutazama mbele. Akasema: "Dada, mbele umeshona kwa macho, nyuma umeshona kwa haraka."

Angalia vitu hivi. Shika mshono wa kuungia vipande kwa vidole gumba viwili, uvute taratibu kuelekea pande mbili. Ukiona nyuzi zinachungulia kama meno, mvutano wa uzi ulikuwa umelegea. Mshono ukifunguka kabisa, ulibakiza ukingo mwembamba mno. Ukingo unaotosha ni milimita 6, karibu upana wa kile kiatu cha cherehani kinachokanyaga kitambaa, kupimia kutoka kwenye sindano. Vitenge vyepesi vinavyochanika nyuzi haraka vipe milimita 10 na usijute.

Kisha pitisha kiganja katikati. Ukikutana na bonge, tabaka la kati limetembea. Kama ulijaza pamba iliyochambuliwa, mistari ya kuyashikanisha matabaka isizidi kiganja kimoja kutoka mmoja hadi mwingine. Mimi la kwanza nilipitisha mistari minne tu kwa blanketi zima, na leo pamba yote imeshuka miguuni kama soksi. Ukitumia blanketi jepesi la mtumba, kama yale ninayookota kwenye soko la mitumba la Memorial, halitembei, unaweza kuachanisha zaidi.

Kama mgongo una mikunjo midogomidogo iliyoshonewa ndani, hukupiga bandi vya kutosha, yaani kuyashikiza matabaka kwa mishono mirefu ya muda, kabla ya mashine. Mimi nilikuwa nabana pini kumi nikaona nimemaliza. Sasa natandaza matabaka sakafuni, nayavuta kwa utepe wa gundi kwenye vigae, napiga bandi kwa uzi mweupe kila upana wa mkono, nikianzia katikati kwenda nje. Inakula jioni nzima na magoti yanauma. Mikunjo haijarudi.

5. Soma alama za kulaliwa

Sasa sogea karibu, karibu kabisa.

Blanketi la nne ni la mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano. Pembe moja, ya juu kulia, imekuwa laini na nyeusinyeusi, na ua la kitenge limefutika kabisa kiasi cha kidole gumba. Pembe nyingine tatu ziko kama mpya. Nilimuuliza mama yake. Akasema mtoto hulala akiisugua pembe hiyo puani, na isipopatikana gizani analia mpaka blanketi lizungushwe. Katika vipande 96 vya blanketi hilo, kimoja tu ndicho chake, na wakati nakishona nilikuwa nasikiliza redio.

Ukanda wa kingo ndio unaokufa kwanza, na karibu kila mara upande wa kichwani, unapogusa kidevu na kushikwa na mikono ya kuvuta. Yangu sita kati ya kumi yalikuwa yametoboka hapo. Nilikuwa nazungushia ukanda wa tabaka moja. Kata ukanda wa sentimita 6, ukunje kwa urefu uwe tabaka mbili, ndipo uushone. Utakula uzi zaidi kidogo tu. Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni huku kwetu Afrika, mablanketi yao yaitwayo kawandi huyaanza kutoka pembeni, wakizunguka kuingia katikati, na kila pembe huitilia kipande kidogo kilichokunjwa, wanachokiita phula, ua. Sisi wengine tunafikia ukingo tukiwa tumechoka, saa tano usiku, tunataka kumaliza.

6. Rangi zilizochuja na zilizopauka

Hili ni fupi kwa sababu kosa ni moja. Blanketi la pili nililipa pindo la kanga nyekundu juu ya marekani. Likafuliwa mara moja, likawa la waridi. Nilikuwa nimeloweka kanga hiyo kwenye maji ya chumvi kama tulivyofundishwa wote. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi kitambaa, lakini kitambaa kikishatoka kiwandani haifungi rangi iliyolegea. Kinachosaidia ni kufua kila kitambaa peke yake kabla ya kukata, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Huku utakuwa pia umeondoa wanga wa kiwandani na kukiacha kitambaa kirudi, yaani kinywee chote kinachotaka kunywea. Jaribio la mwisho: weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake, piga pasi. Kikichukua rangi, usikitumie karibu na cheupe. Blanketi likishachuja, usiliache likauke wala usilipige pasi. Lirudishe haraka kwenye maji mengi ya uvuguvugu yenye sabuni, ulibadilishie mpaka yatulie.

Ukiona blanketi limekunyata sehemu fulani tu, umechanganya pamba na poliesta. Chomoa uzi wa kila kitambaa, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Wauzaji watakuapia kwamba ni pamba tupu. Beba kiberiti.

7. Daftari na lebo

Kila blanketi lipe ukurasa: lilishonwa mwaka gani, kwa nani, katikati kuna nini, limefuliwaje, nini kimekufa kwanza. Kisha shona lebo mgongoni, kipande cha marekani chenye jina lako, jina la mwenyewe na mwaka, kwa uzi, maana kalamu hufutika. Nilikuta moja lisilo na lebo, tukabishana nusu saa kama lilishonwa kabla au baada ya msiba wa babu.

8. Amua la kila moja

Likichoka ukingo, libadilishie ukingo. Ni kazi ya siku moja na linaishi tena. Lililochuja nimeliacha la waridi, mwenyewe hataki liguswe. La kwanza nililifumua mgongo, nikasambaza pamba, nikapitisha mistari 14 mipya.

La tatu, lile la sandukuni, nimelikata. Nililishika mkasi ukiwa mkononi karibu saa nzima. Halikuwa na doa hata moja, na hakuna mtu aliyewahi kulala nalo. Nimepata mablanketi mawili ya watoto wachanga na mkeka wa kupigia magoti ninapopiga bandi. Vipande vidogo vinasomeka vizuri kuliko blanketi zima lilivyosomeka. Kelele zikipungua, ndege mmoja mmoja anaonekana.

Pembe ya mtoto sikuigusa. Nilipitisha mshono mmoja kuzunguka sehemu iliyolika ili isiendelee, kwa uzi wa rangi ileile, na dada akanionya nisilifue.

9. Kabla hayajaondoka

Yanayobaki kwako, yakunje kwa theluthi, na kila miezi mitatu ubadilishe mkunjo, la sivyo nyuzi hukatika pale pale. Yasikae kwenye mfuko wa nailoni. Masika ya Machi hadi Mei yatakupa ukungu. Shuka la zamani la pamba linatosha kuyafunga, pamoja na majani makavu ya mwarobaini kwenye kifuko, mbali na dirisha lenye jua.

Mangapi yalirudi? Kumi. La tano liko Rombo kwa shangazi, picha ya mbele alituma, ya nyuma bado. Nilimpigia tena wiki jana. "Mwanangu," akasema, "linatumika. Ukilitaka, panda Kosta uje ulione likiwa kitandani, na uje na mchele."